Watani wa njia ya Tabora: wanafunzi waliowawahi wazee

Mgeni afikapo kwa mara ya kwanza katika msiba wa Kitanzania hushangazwa na mambo mawili. La kwanza ni wingi wa watu. La pili ni mtu mmoja, ambaye hakuna aliyemwita, anayefanya mzaha. Huingia uani amevaa koti la marehemu alilolitwaa chumbani bila kuomba ruhusa. Hutembea kama marehemu alivyotembea, hukohoa kama alivyokohoa, na hudai deni ambalo hakuna anayelifahamu. Pengine hulala chali katika njia ya makaburini na kuapa kwamba jeneza halitapita mpaka alipwe. Wafiwa, ambao punde tu walikuwa wamejiinamia, huangua kicheko huku machozi yakiwatiririka. Mgeni akiuliza kama bwana yule ana wazimu, hujibiwa kwa neno moja tu: ni mtani.

Wengi wetu tumeyaona hayo tangu utotoni, na kwa kuwa tumeyazoea hatuyaulizi. Tunajua tu kwamba fulani ni mtani wetu, kwamba haifai kumkasirikia, na kwamba akichukua kuku wetu basi kuku huyo amekwenda.

Katikati ya miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitokea vijana walioyauliza. Hawakuwa maprofesa. Walikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, ambao mhadhiri wao, Stephen Lucas, aliwaelekeza wakusanye habari za utani wa makabila ya nchi hii: nani ni mtani wa nani, tangu lini, kwa sababu gani, na watani hutendeana nini arusini, safarini na makaburini. Insha zao zilikusanywa zikachapwa kwa mashine ya kurudufu, zikawa juzuu 7 zenye kichwa cha Kiingereza kinachomaanisha mahusiano ya utani katika Tanzania. Mkusanyiko huo haukupata kuwa kitabu cha kuuzwa madukani, wala majina ya vijana wale hayakupata umaarufu. Hata hivyo, wanazuoni walioandika juu ya utani na juu ya misafara ya kale wameurejea mara kwa mara, kwa sababu mengi yaliyomo humo hayapatikani pengine.

Kwa jina la masomo, utafiti ule ulihesabiwa kuwa wa elimu ya jamii. Lakini swali lililomo ndani yake ni la saikolojia, yaani elimu ya nafsi: kwa nini mtu atukanwe mbele ya watu, anyang'anywe mali yake, achekwe siku aliyompoteza mzazi, naye asikasirike, bali ajione amefarijiwa? Swali hilo si dogo.

Hesabu ya umri

Yafaa tufanye hesabu moja nyepesi ili tuone thamani ya kazi ya vijana wale. Mzee aliyekuwa na umri wa miaka 75 mwaka 1975 alizaliwa mwaka 1900. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912. Kwa hiyo mzee huyo, kama alikulia Unyamwezi, alikuwa kijana wa miaka 12 siku gari moshi lilipopiga honi yake ya kwanza katika mji ule. Aliwahi kuona misafara ya mwisho ikipita kwa miguu. Baba yake, na hapana shaka wajomba zake, walikuwa wamebeba mizigo mabegani kutoka bara hadi pwani na kurudi. Mwanafunzi aliyeketi mbele ya mzee huyo na daftari lake alikuwa hatua moja tu kutoka kwenye njia yenyewe.

Leo mzee yule hayupo. Mwanafunzi yule mwenyewe, kama yu hai, amepita umri wa miaka 70. Fedha za utafiti zaweza kutafutwa tena, na mashine za kunasia sauti sasa zimo katika simu ya kila mtu. Lakini mtu wa kuulizwa hapatikani tena kwa fedha yoyote.

Chuo kile kilikuwa na desturi hiyo. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia walikuwa wamekwisha pelekwa mikoa ya kusini kuwauliza wazee habari za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na maelezo waliyoyaandika yangali yakitumiwa na wanahistoria hadi sasa. Jirani zetu wa Kenya nao walikuwa na jambo la kufanana na hilo. Kuanzia miaka ya 1960 ya mwisho, John na Beatrice Whiting, mume na mke kutoka Chuo Kikuu cha Harvard, waliendesha mjini Nairobi kituo cha utafiti wa makuzi ya watoto, na vijana wa Chuo Kikuu cha Nairobi walifundishwa utafiti kwa kuufanya katika jamii zao wenyewe, wakiwatazama watoto wakichunga, wakilea wadogo zao na wakicheza. Wakati ule ilionekana ni jambo la kawaida kwamba kijana wa chuo aweza kuleta elimu mpya kutoka kwao. Nasema ilionekana, kwa maana sina hakika kwamba siku hizi tunawadhania hivyo.

Mzigo wa frasila mbili

Turudi njiani. Njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikakata Uzaramo na Ukwere, ikapanda hadi Mpwapwa, ikavuka nchi kavu ya Ugogo ambako kila mtemi alidai hongo yake, ikapenya pori la Mgunda Mkali, kisha ikafika Unyanyembe, ambako ndiko Tabora. Kutoka hapo matawi yalikwenda kaskazini hadi Ziwa Nyanza na magharibi hadi Ujiji. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, jina walilolitumia kwa sehemu ile ya Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya mwendo wa zaidi ya miezi minne. Mwaka 1872 David Livingstone alikaa miezi kadhaa pale Kwihara akiwangoja wapagazi, na tembe alilokaa limehifadhiwa hadi leo kuwa makumbusho, kilomita chache kutoka mjini.

Vitabu vya wasafiri hao vimejaa majina yao wenyewe. Waliobeba vitambaa, shanga, dawa, mahema na hata karatasi ambazo vitabu hivyo viliandikwa juu yake walikuwa wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na chungu, mkeka, silaha na chakula cha mpagazi mwenyewe. Umbali wa kutoka pwani hadi Tabora unapita kilomita 800. Mnyamwezi mwanamume alijifunza kazi hiyo tangu ujana, na yasemekana katika nchi ile kijana ambaye hajaiona pwani alikuwa na shida kuheshimiwa na rika lake. Ilikuwa kazi ya ujira, yenye ustadi, yenye masharti na migomo yake, miaka mingi kabla ya kiwanda cha kwanza kujengwa katika nchi hii.

Sasa fikiria, ndugu msomaji, hali ya mpagazi aliyeshikwa na ndui au kuhara damu katikati ya Uzaramo. Hana ukoo hapo. Hana mtemi wa kumlalamikia. Msafara hauwezi kumngoja, maana chakula ni cha kupimwa. Nani atampa maji? Nani atamzika asije akaliwa na fisi?

Jibu ambalo wazee walilitoa kwa wanafunzi na kwa watafiti wengine ni kwamba huko ndiko utani ulikofanya kazi. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Na mtani, pamoja na kwamba hutukana na kunyang'anya, hawezi kukataa kumpa mtani wake chakula, mahali pa kulala, na kaburi. Msafiri alipofika kijijini aliingia kwa kelele na kejeli, akachukua mhogo shambani mbele ya macho ya mwenyewe, akaitwa mwizi na mla panya, naye akajibu kwa matusi yaliyo makubwa zaidi. Kufika jioni watu wawili ambao hawakupata kuonana maishani walikuwa wamekwisha kuwa kama mabinamu. Kwa maneno ya siku hizi twaweza kusema kwamba utani ulikuwa bima ya wafanyakazi wa njia ile. Michango yake ililipwa kwa matusi, na mafao yake yalikuwa maji na mazishi.

Si utani wote uliozaliwa na biashara. Kuna uliozaliwa na vita. Wangoni walipofika Unyamwezi katika karne ya 19 hawakuja na zawadi. Na bado Wangoni na Wanyamwezi, pamoja na ndugu zao Wasukuma, ni watani wakubwa mpaka leo. Wazee hueleza kwamba waliopigana wakachoka, wakaona hakuna mshindi, waligeuza mikuki kuwa maneno. Naona maelezo haya yana ukweli wa kinafsi hata pale yasipoweza kuthibitishwa kihistoria. Kumtania aliyemwua babu yako ni njia ya kulikumbuka jambo bila kulilipizia.

Na kuna utani wa nyumbani, ambao hauhitaji kabila la pili. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu" na kumlalamikia kwamba hamletei kitenge. Babu humwambia mjukuu wa kike kwamba mahari yake amekwisha kuila. Mabinamu hutaniana, mashemeji hutaniana. Lakini mkwe hataniwi! Mwanamume anayeweza kumtania shemeji yake mchana kutwa hupita mbali akimwona mama mkwe anakuja. Hivyo mtoto wa Kitanzania hujifunza mapema kwamba watu hawako sawa katika mzaha: kuna wa kuchekwa nao na kuna wa kuinamiwa, na mara nyingi wote wawili wamo katika nyumba moja.

Wataalamu walipofika

Wanazuoni wa Ulaya waliligundua jambo hili kwa kuchelewa kidogo. Mwaka 1940 Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliandika makala mashuhuri ambamo alieleza utani kuwa ni ukosefu wa adabu ulioruhusiwa, ukiwaunganisha watu ambao kwa upande mmoja wana sababu ya kugombana na kwa upande mwingine wana haja ya kupatana. Muda mfupi baadaye habari za Tanganyika ziliandikwa na R. E. Moreau, ambaye pia alikuwa mtaalamu wa ndege kule Amani, Usambara. Hapana ajabu. Mtu aliyezoea kukaa kimya akisikiliza nani anamwitikia nani porini angeweza kusikia pia jinsi watu wanavyoitana.

Hao walieleza muundo wa jamii. Mambo yanayotokea ndani ya mwili na moyo wa mtu anayecheka yalingoja wanasaikolojia. Mwaka 1997 Dacher Keltner na George Bonanno walitangaza matokeo ya uchunguzi wao uliofanywa Marekani juu ya watu waliofiwa na waume au wake zao. Waliwahoji miezi sita baada ya msiba na kuchunguza nyuso zao walipokuwa wakimzungumzia marehemu. Wale ambao katikati ya mazungumzo walicheka kicheko cha kweli, kile kinachokunja pembe za macho, walionekana kuwa na hasira na dhiki kidogo kuliko wasiocheka. Hadi wakati huo wataalamu wengi walikuwa wakifundisha kwamba mfiwa lazima alie mpaka huzuni imtoke, na kwamba kicheko ni dalili ya kukwepa ukweli. Mtani anayevaa koti la marehemu alikuwa na maoni mengine siku zote.

Mwaka 2011 Robin Dunbar wa Oxford na wenzake waliandika juu ya majaribio ya namna nyingine. Watu walioneshwa michezo ya kuchekesha, kisha wakapimwa ni muda gani wanaweza kustahimili maumivu, kwa mfano kwa kufungwa mkononi kitu cha baridi kali au kile kitambaa cha kupimia shinikizo la damu kikajazwa upepo. Waliocheka, hasa walipocheka pamoja na wengine, walistahimili zaidi kuliko walioonyeshwa picha zisizochekesha. Watafiti wale wanaamini kwamba kicheko huufanya mwili utoe dawa yake wenyewe ya maumivu. Nilipoyasoma hayo niliwafikiria watu wenye frasila mbili begani katika jua la Ugogo, ambao wasafiri wengi wameandika kwamba walikuwa wakiimba, wakipayuka na kutaniana tangu alfajiri mpaka kambini. Bwana mwenye msafara mara nyingi aliudhika na kelele hizo, akaziita utoto.

Nani huulizwa, nani huuliza

Hapa kuna jambo ambalo lingewafaa wazazi wenye vijana vyuoni. Mwaka 2008 mwanasaikolojia wa Marekani, Jeffrey Arnett, alihesabu watu waliotumiwa katika tafiti zilizochapishwa na majarida makubwa ya saikolojia ya nchi yake kati ya 2003 na 2007. Aliona kwamba asilimia 96 kati yao walitoka katika nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo zina asilimia 12 tu ya watu wote wa dunia. Na katika jarida mojawapo kubwa, kama theluthi mbili ya makundi ya Wamarekani yaliyochunguzwa yalikuwa ya wanafunzi wa shahada ya kwanza wa saikolojia, walioitwa kutoka darasani kujaza karatasi. Ndiyo kusema, sehemu kubwa ya yale yaitwayo tabia ya binadamu ni tabia ya kijana wa miaka 19 anayetaka kufaulu somo.

Mfano mmoja unagusa moja kwa moja mada yetu. Mwaka 1998 Keltner na wenzake waliwachunguza vijana wa chuo kimoja Marekani, wanachama wa chama cha bweni, waliopangwa wanne wanne, wawili wakongwe na wawili wapya. Walitakiwa kutungiana majina ya utani kwa kutumia herufi walizopewa na kusimulia hadithi ya jina hilo. Wakongwe waliwatania wapya kwa ukali. Wapya waliwatania wakongwe kwa kujipendekeza. Matokeo hayo ni ya kweli kwa bweni lile. Lakini mtu akiyachukua kuwa ndiyo sheria ya mzaha kwa binadamu wote, atamweleza nini bibi wa Sikonge anayetukanwa na mjukuu wa miaka 6 na kumrudishia tusi hilo mara mbili?

Kule mwanafunzi alikuwa kitu cha kuchunguzwa. Kwetu, katika juzuu zile 7, mwanafunzi alikuwa mchunguzi, na aliowauliza walikuwa watu waliomzidi umri, elimu ya maisha na ujanja. Tofauti hiyo ni kubwa. Mwanafunzi wa Dar es Salaam aliyekwenda kijijini kwao hakuweza kujifanya bwana mkubwa. Alikuwa mjukuu. Na mjukuu, kama tulivyosema, ni mtani, jambo lililompa ruhusa ya kuuliza maswali ambayo mgeni angefukuzwa kwa kuyauliza.

Udhaifu ulikuwepo pia. Insha ya mwanafunzi yaweza kuwa fupi, yaweza kurudia yale mhadhiri aliyoyasema darasani, yaweza kumpamba mjomba. Aliyeandika juu ya kabila lake alikuwa na kishawishi cha kuandika mambo mazuri tu. Haya yote ni kweli, na mtafiti makini huyapima. Udhaifu huo, hata hivyo, haukufikia ule wa bweni, wa kumwuliza mtu mmoja na kuliandika jina la dunia nzima.

Utani usio utani

Tusiupake utani sukari. Katika ofisi na viwanda vyetu neno hili limekuwa kichaka cha watu wasio na haya. Msimamizi humshika karani wa kike kiunoni, na karani akikunja uso huambiwa, "Dada, mimi si mtani wako?" Fundi mkuu humpa kijana wa kazi jina la kumdhalilisha kwa sababu ya ulemavu wake, na karakana yote hucheka. Watoto shuleni humwita mwenzao mwenye ualbino kwa majina ambayo, katika mkoa kama Tabora na mikoa ya jirani ambako watu hao wamewindwa na kuuawa, hayana kicheko ndani yake hata kidogo.

Mtu aliyelelewa katika utani wa kweli anaitambua tofauti hiyo bila kufundishwa. Utani wa kweli hurudi. Mzaramo akimtukana Mnyamwezi leo, kesho hutukanwa yeye, na hana haki ya kununa. Karani yule hawezi kumshika msimamizi kiunoni mbele ya watu akaenda zake salama. Tena utani ni wa watu wanaojulikana kuwa watani kabla mzaha haujatamkwa. Hauanzishwi na mwenye cheo siku anayojisikia. Na mtani anawiwa. Anayekutania arusini anatazamiwa kuchimba kaburi, kupika, kubeba maji siku ya msiba wako. Nani amepata kumwona msimamizi wa namna ile na jembe makaburini?

Sheria nayo imesema. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliufanya unyanyasaji wa kijinsia kuwa kosa la jinai, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 huuhesabu unyanyasaji kazini kuwa ni ubaguzi. Hakuna katika sheria hizo kifungu kinachosema kwamba mshitakiwa atasamehewa akidai alikuwa akitania. Wazee wa baraza, katika mila, nao hawakuwa wepesi: mtani aliyevuka mpaka alitozwa faini, na kesi yake ilisikilizwa na watani wenzake, ambao kwa kawaida walikuwa wakali kuliko hakimu.

Hapa ndipo utafiti wa wanafunzi wa leo ungekuwa na kazi ya kufanya. Tunajua vya kutosha kwamba watani wapo. Hatujui inakuwaje kwa mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam au Mwanza, baba Mnyamwezi na mama Mhaya, asiyejua lugha ya upande wowote, anapofika msibani na kukuta mtu amevaa koti la babu yake. Je, anafarijika kama baba yake, au anaumia? Anajifunza kwa nani kwamba haifai kukasirika? Na yule asiyefundishwa, akienda kazini, atawezaje kumtofautisha mtani na mwonevu? Kicheko cha msibani kimepimwa San Francisco. Hapana sababu kisipimwe Isevya au Ng'ambo.

Daftari la mtafiti

Vyuo vipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Dodoma hutoa shahada za elimu zenye saikolojia ndani yake, na Tabora yenyewe ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, kilichopewa jina la Marko Mihayo aliyekuwa Askofu Mkuu wa jimbo hilo. Vijana wanaosomea ualimu hapo wanatoka kila upande wa nchi. Bweni moja laweza kuwa na Mngoni, Mzaramo, Mnyamwezi na Mgogo, yaani njia nzima ya misafara chini ya paa moja.

Mji wenyewe nao ni kitabu. Tabora ilijengwa na watu waliopita: Wanyamwezi wenyeji wa Unyanyembe, Waarabu, watu wa pwani, Wamanyema kutoka upande wa pili wa Tanganyika, na baadaye wafanyakazi wa reli wa kila kabila. Miembe mikubwa iliyopandwa na watu wa misafara ingali ikitoa kivuli. Hapana mahali panapofaa zaidi kwa mwanafunzi anayetaka kujua jinsi watu wasiojuana wanavyogeuka kuwa ndugu.

Lakini ajiandae. Mwanafunzi wa leo hubeba barua ya chuo hadi kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kisha kwa Mtendaji wa Kata, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa, na kila ofisi huongeza mhuri wake. Utaratibu huo una maana yake, kwa kuwa humlinda mwananchi asiulizwe na kila mpita njia. Shida huanza baada ya mihuri. Mwanafunzi hutoa hojaji yenye maswali 40 aliyoyatafsiri kutoka Kiingereza, na mama mwenye nyumba hutakiwa aseme kama anakubali sana, anakubali, hana hakika, hakubali, au hakubali kabisa kwamba watani humpunguzia msongo wa mawazo. Mama wa watu, kwa adabu, atajibu "nakubali" kwa yote 40, amalize, arudi jikoni. Karatasi hizo zitahesabiwa, na asilimia zake zitapendeza.

Zipo njia bora, nazo si ghali. Kukaa msibani siku tatu za matanga bila kuuliza neno. Kuwarudia wafiwa baada ya miezi sita, kama walivyofanya wale wa Marekani, na kuwauliza wanakumbuka nini. Kumtafuta mtani mwenyewe na kumwuliza alijisikiaje kuchekesha watu siku aliyofiwa na rafiki, maana hilo nalo halijaulizwa sana: tunamwona akicheka, hatumwoni akirudi kwake. Kuomba ridhaa ya wenye msiba si wakati jeneza lingali ndani, bali kabla au baada, kupitia mtu wa ukoo wanayemwamini. Na kuyaandika maneno ya watu kama walivyoyasema, kwa Kiswahili au Kinyamwezi chao, kabla ya kuyatafutia jina la kitaalamu.

Liko tatizo moja ambalo mafunzo ya darasani hayaligusi. Mtafiti hufundishwa akae kando, asiingie katika jambo analolichunguza. Mwanafunzi Mngoni akifika kwenye uani wa Wanyamwezi na kujitambulisha kwa jina lake la ukoo, hatakuwa kando tena. Ataitwa mtumwa, mkia wa mbwa, mtoto wa watu walioshindwa. Kalamu yake itatekwa, na hatarudishiwa mpaka ainunue. Akikasirika, utafiti umekwisha. Akicheka na kulipa, ataambiwa mambo ambayo hojaji haikuyauliza, na kalamu iliyotekwa, pamoja na jina la aliyeiteka, saa, mahali, na idadi ya soda zilizotolewa kuikomboa, vyote viandikwe katika sura ya tatu ya tasnifu yake, ile ya mbinu za utafiti.